Kitabu Nacho Kina Kwata Yake

Ukipita jioni katika kambi zetu na katika vituo vyetu vya polisi, hutakosa kumkuta askari aliyeinamia daftari. Huyu anajitayarisha kwa kozi ya kupandishwa cheo. Yule amejiandikisha katika chuo kikuu kwa masomo ya mwisho wa juma. Mwingine ni kadeti aliyebakiwa na wiki sita tu kabla ya mitihani yake ya mwisho. Jambo hili lafurahisha, na lastahili sifa. Zamani ilidhaniwa kwamba kazi ya askari ni kubeba bunduki na kutii amri, na kwamba vitabu ni vya makarani. Dhana hiyo imekwisha kufa, nasi hatuna haja ya kuililia.

Hata hivyo, ndugu msomaji, ninalo neno ambalo huenda lisiwapendeze wote. Wengi wetu tunasoma kwa bidii kubwa lakini kwa njia mbovu. Tunakesha, tunapiga mistari chini ya maneno kwa kalamu nyekundu, tunasoma ukurasa ule ule mara tano, kisha tunaingia katika chumba cha mtihani macho yakiwa mekundu. Wengine hufaulu, tena vizuri. Lakini mtihani huo ukipita miezi miwili, jaribu kumwuliza aliyefaulu akueleze alichojifunza. Atakuna kichwa, atatazama dari, na mwishoni atakwambia, "Afande, hilo tulilisoma, lakini limenitoka."

Ajabu ni kwamba sisi askari, kuliko watu wengine wote, tunaijua njia njema ya kujifunza. Tumefundishwa tangu siku ya kwanza ya ukuruta. Tunaijua tukiwa uwanjani, lakini tukifika mlangoni mwa darasa tunaivua na kuiacha nje pamoja na buti zenye matope.

Tukumbuke jinsi kila mmoja wetu alivyofundishwa kufungua na kufunga bunduki. Je, mwalimu alitupa kitabu akatuambia tukisome mara tano? La hasha. Alituonyesha mara moja, akaviweka vipande juu ya turubai, kisha akasema, "Haya, fanya wewe." Tulikosea, akatusahihisha pale pale. Kesho yake tukafanya tena, na juma lililofuata tena, na baada ya mwezi akatufunga macho kwa kitambaa ili mikono ifanye kazi peke yake. Ndiyo maana leo, hata askari aliyestaafu zamani, ukimpa silaha ile aliyofundishwa, vidole vyake vitakumbuka. Mafunzo hayo yalikuwa na mambo matatu: kufanya mwenyewe bila kutazama, kusahihishwa mara moja, na kurudia baada ya siku kadhaa. Hoja yangu yote leo ni hii tu: mambo hayo matatu yanafaa kitabu kama yanavyofaa bunduki.

Nisidhaniwe kuwa ninawanyooshea wengine kidole. Mimi mwenyewe nilipokuwa kadeti nilikuwa bingwa wa kukesha. Kabla ya mtihani wa kusoma ramani nilisoma usiku tatu mfululizo, nikiwa nimejifunika blanketi na tochi mkononi. Nikapata alama 81, nikajiona jemadari. Miezi miwili baadaye tulikwenda katika zoezi la porini, nami nikapewa kuongoza kikundi cha wenzangu tisa. Ilipofika alasiri ilinibidi nionyeshe mahali tuliposimama. Kazi yenyewe si ngumu: unachukua kwa dira mwelekeo wa vilima viwili unavyovitambua, unaugeuza kila mwelekeo kwa nyuzi 180, unachora mistari miwili juu ya ramani, na inapokutana ndipo ulipo. Nilikumbuka ukurasa ambao maelezo hayo yaliandikwa. Nilikumbuka hata kwamba ulikuwa na doa la chai. Lakini namna ya kufanya ilikuwa imetoweka kabisa. Nikaona haya kuuliza, nikabahatisha, nasi tukatembea kilomita nne kuelekea kusiko, mvua ikitunyeshea.

Tuliporudi usiku, sajini aliyekuwa mwalimu wetu hakunifokea. Aliniuliza tu, "Kadeti, ramani ulipata alama ngapi?"

"Themanini na moja, Afande."

"Ungezibeba basi, zingekuonyesha njia."

Maneno hayo sikuyasahau mpaka leo, ingawa sikuyaandika katika daftari lolote.

Baada ya miaka kadhaa nilikuja kufahamu kwamba wataalamu wa elimu ya nafsi wamelichunguza jambo hili kwa makini, na majibu yao yanakubaliana na yule sajini. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari fupi za kusoma, mojawapo ikiwa juu ya jua na nyingine juu ya fisi-maji. Kundi moja liliisoma habari mara nne. Kundi lingine liliisoma mara moja tu, kisha likaweka karatasi kando na kuandika yote yanayokumbukwa, mara tatu. Walipojaribiwa baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walishinda. Lakini walipojaribiwa baada ya juma moja, mambo yaligeuka: waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 40 tu, ilhali wale waliojipima wenyewe walikumbuka asilimia 61.

Yafaa tulitafakari jaribio hilo, kwani ndani yake mna siri ya udanganyifu wetu. Mtu anayesoma tena na tena huona maneno yakimjia kwa urahisi, naye husema moyoni, "Sasa nimeelewa." Kumbe amezoea tu sura ya ukurasa, kama mtu anavyozoea sura ya jirani ambaye hajui hata jina lake. Anayefunga kitabu na kujiuliza huona shida, hukwama, hujisikia mjinga. Lakini shida ile ndiyo inayolikaza jambo kichwani. Mwaka 2013, John Dunlosky na wenzake walipopima njia kumi ambazo wanafunzi huzitumia, njia mbili walizozipa daraja la juu kabisa zilikuwa kujijaribu mwenyewe na kuyagawa masomo katika siku mbalimbali. Kupiga mistari na kusoma tena, ambazo ndizo zinazopendwa, waliziweka daraja la chini.

Kuhusu kugawa siku, kuna mfano mwingine ambao askari atauelewa upesi, kwa sababu waliohusika walikuwa watu wa kazi. Huko Uingereza, watumishi wa posta walitakiwa kujifunza kupiga mashine za aina mpya, na matokeo yakatangazwa mwaka 1978 na Alan Baddeley na mwenzake Longman. Wengine walifundishwa saa moja kwa siku. Wengine saa nne kwa siku. Wale wa saa moja walifikia kiwango fulani cha ujuzi kwa jumla ya saa zipatazo 55. Wale wa saa nne kwa siku walihitaji saa zipatazo 80 kukifikia kiwango kile kile. Na jambo la kuchekesha ni kwamba wale wa saa moja ndio waliolalamika zaidi, wakidhani kwamba wanacheleweshwa! Bandu bandu huisha gogo, lakini mwenye shoka haoni raha mpaka gogo liishe.

Sababu yake inaeleweka. Tangu mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikwisha onyesha, kwa kujifanyia majaribio yeye mwenyewe, kwamba jambo jipya husahaulika kwa kasi kubwa sana mwanzoni. Baada ya saa moja tu, zaidi ya nusu ya kazi aliyoifanya ya kujifunza ilikuwa imepotea. Kisha upotevu ukapungua mwendo. Kwa hiyo anayerudia somo kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya juma, huliwahi kabla halijafutika. Anayesubiri mpaka usiku wa mwisho huanza upya, kama mtu anayechimba handaki ambalo mvua imelifukia.

Sasa tuje kwenye vitendo, maana askari hapendi hotuba isiyo na amri ndani yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, majeshi ya Marekani yaliwapeleka askari wengi katika vyuo vikuu ili wajifunze mambo mengi kwa muda mfupi. Katika chuo kikuu cha jimbo la Ohio alikuwako mwalimu aitwaye Francis Robinson, ambaye kazi yake ilikuwa kufundisha namna ya kusoma. Mwaka 1946 aliitangaza kwa kitabu njia yake yenye hatua tano, ambayo hata leo hufundishwa vyuoni. Mimi nitaieleza kwa lugha yetu ya kambini.

Hatua ya kwanza ni upelelezi. Hakuna kamanda anayeingia bondeni bila kutuma watu kulitazama. Kabla ya kusoma sura ya kitabu, ipitie kwa dakika tano: tazama vichwa vya habari, picha, michoro, na maneno ya mwisho. Hatua ya pili ni kuuliza. Kila kichwa cha habari kigeuze kiwe swali. Ikiwa kimeandikwa "Haki za Mtu Aliyekamatwa", wewe andika: "Mtu aliyekamatwa ana haki zipi, nami nina wajibu gani?" Hatua ya tatu ni kusoma, lakini sasa unasoma ukiwinda jibu. Hatua ya nne ndiyo yenye uzito kuliko zote: funga kitabu, ulijibu swali lako kwa kinywa au kwa kalamu bila kuchungulia, kisha fungua ujisahihishe. Hatua ya tano ni kurudia baada ya siku kadhaa, na hapo pia uanze kwa kujiuliza kabla hujafungua ukurasa.

Najua nitajibiwa, "Afande, wewe unasema hivyo kwa sababu unakaa ofisini. Sisi tuna lindo, tuna doria, tuna kuitwa usiku wa manane. Muda wa kusoma tutautoa wapi?" Hoja hiyo ni ya kweli, wala siidharau. Lakini tazameni: njia ninayoieleza haidai saa sita mfululizo mezani. Inadai nusu saa leo, nusu saa kesho kutwa. Kata karatasi ngumu ziwe vipande vya ukubwa wa kiganja; upande mmoja andika swali, upande wa pili jibu. Vipande ishirini hukaa ndani ya mfuko wa shati. Ukiwa umepumzika baada ya zamu, ukingojea gari au ukingojea chakula, vitoe ujipime. Bali ukiwa lindoni, macho yako na yawe lindoni. Kitabu hakikuajiriwa kulinda lango. Nayo simu, wakati wa ile nusu saa, iwekwe mbali, kwa kuwa kila inapolia huondoka na fikira zako.

Wala usingizi tusiudharau. Mwaka 1924 watafiti wawili wa Marekani, Jenkins na Dallenbach, waliwajaribu wanafunzi wawili, wakaona kwamba waliyojifunza kabla ya kulala yalidumu zaidi kuliko waliyojifunza kabla ya saa kadhaa za kukaa macho. Kuna usiku ambao askari hana budi kukesha kwa ajili ya usalama wa wananchi. Usiku ambao hana wajibu huo, akeshe kwa nini? Asome kidogo, ajipime, alale.

Kuna jambo lingine linalotuhusu sisi hasa. Vitabu vyetu vingi vimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali Kiswahili ndicho kilichotuunganisha askari wa Uganda wa makabila yote, tangu siku za jeshi la wakoloni mpaka leo, na mwaka 2005 Katiba yetu ilirekebishwa kikawa lugha rasmi ya pili. Wengi hukariri sentensi za Kiingereza kama kasuku, wakazimimina katika karatasi ya mtihani jinsi zilivyo. Nashauri hivi: ukimaliza kusoma fungu, mtafute mwenzako, ikiwezekana yule ambaye hakusoma kozi yako, umweleze fungu hilo kwa Kiswahili cha kawaida. Ukiweza kumfanya akaelewa, nawe umeelewa. Ukianza kugugumia na kusema, "Yaani, kile kitu, unajua," basi fahamu kwamba pale ndipo penye shimo, rudi ukalizibe. Na huyo mwenzako asione aibu kukuuliza maswali, kwa maana kuuliza si ujinga. Laiti mimi ningeliuliza siku ile porini, watu tisa wasingelilowa.

Huenda mtu akasema kwamba haya yote ni mambo ya mitihani na vyeti, na kwamba aliyekesha akafaulu amefaulu vile vile. Naam, cheti chake ni halali. Lakini askari ana mtihani wa pili, ambao hauna ratiba wala msimamizi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 23, yaamuru kwamba mtu aliyekamatwa kwa tuhuma ya kosa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote vile kabla ya saa 48 kupita. Kila konstebo aliisoma habari hiyo darasani. Lakini siku ya Ijumaa jioni, mama mzee anapokuja kituoni kumwulizia mwanawe, na ofisa hayupo, na zamu imemwangukia konstebo mmoja tu, hapo hapana nafasi ya kukumbuka doa la chai lililokuwa ukurasani. Ama anaijua sheria, ama haijui. Akiijua, haki ya raia imelindwa na heshima ya polisi imelindwa. Asipoijua, mtu atalala korokoroni siku ambazo sheria haikumpa, na mama yule atarudi nyumbani akiwa amejifunza somo baya juu yetu.

Hali kadhalika kwa mwanajeshi. Mwenzako akipigwa risasi pajani na mshipa mkubwa ukakatika, dakika chache zaweza kuyamaliza maisha yake. Somo la huduma ya kwanza ulilosoma usiku wa kuamkia mtihani halitakuja likikimbia kukusaidia. Litakalokuja ni lile ulilojipima mara nyingi, katika siku nyingi, mpaka likawa sehemu ya mikono yako.

Kwa sababu hiyo nawaomba pia wakuu wetu, kwa heshima zote. Mwanafunzi hawezi kuyafanya haya peke yake. Kila kambi na kila kituo kikubwa kina chumba ambacho hakitumiki usiku. Kitiwe taa, meza na viti, na saa moja ya jioni iheshimiwe kama inavyoheshimiwa saa ya gwaride. Askari aliye katika kozi asipewe kazi za ghafla zisizo za lazima katika saa hiyo. Nao walimu wetu wa vyuo wasianze somo la leo kabla hawajauliza maswali matatu juu ya somo la juma lililopita, tena bila alama na bila adhabu, ili anayekosea ajue alipokosea. Mabadiliko hayo hayahitaji fedha nyingi, na yanaweza kuanza Jumatatu.

Kwako wewe kijana unayesoma gazeti hili ukiwa umekaa juu ya kitanda cha chuma, kitabu kikiwa kando yako, sitakwambia usome zaidi ya unavyosoma. Pengine unasoma kupita kiasi. Nakuomba usiku wa leo ufanye jambo moja. Chukua somo ulilosoma jana, usilifungue. Chukua karatasi tupu, uandike yote unayoyakumbuka. Yatakuwa machache, nawe utasikitika kidogo. Usijali. Fungua kitabu ujisahihishe, kisha ufanye tena keshokutwa. Ndivyo ulivyojifunza bunduki, na bunduki hukuisahau.